Bafu la Mama Katika Nyumba ya Mkwe

Anitha alinipigia simu nikiwa na pini mdomoni, napandisha pindo la gauni la mteja, nikaitikia kwa pua. "Shikamoo, mama mdogo. Njoo Kaisho. Baba ametushinda." Nikatema pini. Anitha ni mtoto wa dada yangu Leonida, na huyo baba anayemsema ni shemeji yangu Projestus, bwana mifugo mstaafu, mtu ambaye hajawahi kumshinda yeyote kwa maneno kwa sababu habishi kabisa. Ananyamaza tu, kisha anafanya lile alilokusudia. Tangu apate kiharusi mguu wake mmoja unaburuta, na choo anachotumia kiko nje, nyuma ya zizi, njia yenyewe utelezi mtupu mvua ikinyesha. Humo humo ndani ya nyumba yake kuna bafu zuri lenye choo cha kukaa na mabomba ya kushikilia ukutani. Haliingii. Hajawahi kuliingia tangu sakafu yake imwagwe zege. "Juzi kaanguka, mama mdogo, tumemuokota kwenye matope. Tukimwambia atumie la ndani anasema mle ni kwa Mama. Bibi kafariki zamani, yeye bado anasema ni kwa Mama! Sasa mama yangu anasema mambo haya uliyaanza wewe, uje uyamalize." Nilimwambia mteja wangu gauni lake litasubiri. Njia nzima kutoka Kayanga nilikuwa nacheka peke yangu huku machozi yananitoka, mpaka dereva akanipa pole ya msiba.

Basi niseme ilivyokuwa. Mwaka ule nilikuwa msichana, nimetoka kujifunza kushona na sina cherehani, maisha yangu nimeyagawa kati ya nyumba mbili: Rugera kwa Mama, ambaye tulikuwa tumebaki naye peke yetu, na Kaisho kwa Dada Leonida, aliyekuwa ananyonyesha Anitha na kuhitaji mikono. Choo cha Rugera kilikuwa chini kabisa ya kibanja, shamba letu la nyumbani, unashuka katikati ya migomba mpaka unaona kwa jirani. Asubuhi moja ya masika Mama alichelewa kurudi, nikashuka kumtafuta. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa, nikausukuma ukakwama. Sauti ya Mama ikatoka ndani, imetulia kabisa, kama anayeniambia nipunguze moto chini ya chungu: "Eusta, usisukume. Ni mimi." Alikuwa ameteleza, kalala sakafuni, mwili wake ndio ulioziba mlango. Mlango ule ulifungukia ndani. Ilibidi nimwite jirani tung'oe bawaba kwa panga, na wakati wote huo Mama alikuwa anatuelekeza, "Upande huo hapana, upande ule, taratibu, mtaniharibia mlango." Nyonga ilikuwa imevunjika. Mpaka leo nikiona choo chenye mlango unaofungukia ndani nywele zinanisimama, na nimewagombeza watu wasionijua kwa ajili hiyo.

Alipotoka hospitali alikuwa na mkongojo, na mguu mmoja usiotaka kukunjika. Kule chini ya kibanja hawezi tena kushuka. Kaka zetu walikuwa Mwanza, wamepanga chumba kimoja na wake zao na watoto. Nyumba iliyokuwa na nafasi ni ya Leonida peke yake, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Asiyetoka kwetu ataniuliza shida iko wapi, si ni kwa binti yake? Ni kwa binti yake, ndiyo, lakini ni kwa mkwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana mpaka wanakaribia kukimbiana. Shemeji akija Rugera alikuwa anachuchumaa uani, macho chini, Mama yuko ndani nyuma ya mlango amejitanda kitenge mpaka usoni, na salamu zinapita kwangu utadhani mimi ni posta. Hawashikani mikono. Hawakai mkeka mmoja. Kuoga na kujisaidia ni mambo ambayo hayatajwi hata kwa mbali, sembuse wote wawili watumie mlango mmoja! Mwanamke wa umri wa Mama angeona heri afe na mguu wake kibanjani kuliko mkwe wake ajue kwamba ameenda msalani.

Shemeji ndiyo kwanza alikuwa anamalizia nyumba yake. Bati lilikuwa juu, upande mmoja wamekwisha kuhamia na upande wa pili bado lipu. Kila aliyejenga Kaisho siku zile alitaka chumba cha masta, yaani chumba cha wenye nyumba chenye bafu lake humo humo ndani, na Leonida alikuwa ameusubiri masta wake kuliko alivyomsubiri bwana harusi. Pazia lilikuwa limekwisha kununuliwa, la maua ya zambarau. Siku moja tulikuwa tunakula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, naona hata mvuke wake, na Shemeji akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "Masta tumpe Mama." Leonida akaweka kijiko chini. "Masta wangu?" Shemeji akaendelea kutafuna. "Projestus, mimi naoga nje kwenye uzio wa majani ya migomba tangu unioe. Kuku wananichungulia! Nimevumilia, nikajua nina masta wangu unakuja." Shemeji akameza, akasema, "Mimi na wewe tuna miguu." Leonida alilia, na mimi sikumlaumu hata kidogo, maana mtu akiota kitu muda mrefu kinakuwa chake. Alilia, akapangusa uso kwa khanga, akamwongezea mumewe ndizi. Kesho yake pazia la zambarau nikalikuta limekunjwa kitandani kwangu, akaniambia, "Mpelekee Mama aone rangi."

Nilimpelekea. Mama alilishika, akalinusa, akalirudisha. "Nikaoge kwa mkwe? Eusta, una wazimu?" Nikamwambia chumba hakijalaliwa na mtu, bafu hata sakafu halina. Akatafuna punje zake za kahawa, moja moja. Halafu akasema, "Chumba alicholala mkwe silali. Bafu alilokanyaga mkwe sikanyagi." Nikasema hajakanyaga. "Basi mwambie asikanyage. Wala leo, wala kesho. Asije akaniambia anakagua tailizi." Nilirudi Kaisho mbio na maneno hayo. Kwangu huo ulikuwa ushindi, kwa sababu Mama hakusema hapana. Shemeji aliposikia aliitikia kwa kichwa. "Mwambie sitaingia."

Sasa utapangaje bafu ambalo huruhusiwi kuingia, la mtu ambaye huruhusiwi kumtazama? Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya chumba cha kulala na sebule, ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Fundi Novatus alikuwa na mpango wake wa siku zote, choo kule mwisho, sehemu ya kuogea katikati, sinki la kunawia karibu na mlango. Shemeji akauliza, "Maji ya kuoga yakimwagika katikati, atapitaje kwenda chooni na mkongojo?" Fundi akasema ataruka kidogo. Shemeji akachukua kofia yake, akatoka. Jioni ile nilimkuta kibanjani anasokota kamba za mgomba. Alipigilia vijiti ardhini, akazungusha kamba, akapata bafu zima kwa ukubwa wake halisi, katikati ya migomba, halina kuta wala bati. Kipande cha gogo la mgomba kikawa choo, kingine kikawa benchi la kuogea ukikaa, ungo wa Leonida ukawa sinki. "Shemeji," akaniita, "wewe ndiye Mama. Ingia." Akanipa fimbo.

Ilikuwa vichekesho, waitu! Mimi na fimbo, mguu mmoja nimeukaza, naingia bafu la kamba, nazunguka, najishusha kwenye gogo, nainuka naguna kama Mama anavyoguna. Yeye anazunguka nje, "Mkono unatafuta wapi? Hapo hapo, usiutoe," anapigilia kijiti kwa bomba la kushikilia. Mara ya kwanza alisahau, akaingia ndani ya kamba kusogeza gogo. Leonida alikuwa anatuangalia kutoka jikoni, akapiga ukelele, "Projestus! Umeingia bafuni kwa Mama!" Heh! Mtu mzima aliruka kamba kama ndama, kofia ikaanguka ndani, na mimi ikabidi nimtolee. Tulicheka mpaka Anitha akaamka. Lakini tangu siku ile hakuivuka kamba tena hata kwa bahati mbaya. Mvua ikibomoa vijiti alinisubiri mimi niingie nivirudishe, na yeye anaelekeza kutoka nje.

Shida ilikuwa vipimo. Mimi ni mrefu, Mama alikuwa mfupi mwenye mapaja mafupi, na gogo linalonitosha mimi lingemwacha yeye miguu inaning'inia. Mkwe hawezi kuuliza goti la mama mkwe liko wapi, hata kunituma niulize ni aibu. Hakunituma. Alisema tu, akimtazama ng'ombe, "Nasikia umesomea kushona. Mama hana gauni jipya?" Nikaenda Rugera na futi yangu shingoni. Nilimpima mabega na kiuno kwa sababu ni haki ya gauni, halafu nikashuka kwenye kisigino nikapanda mpaka kwenye goti, nikapima alipokaa, nikamwambia anyooshe mkono mbele, sasa pembeni, sasa kama anashika kitu. Mama alinitazama kwa jicho moja. "Tangu lini gauni likapimwa goti?" Nikasema ndiyo mtindo wa sasa. "Na mkono wa kushika hewa?" Nikasema mikono ya gauni isije ikambana. "Mmh," akasema Mama, "mtindo huu mgumu." Gauni nililishona kweli, la kitenge cha njano, na lilimkaa vizuri kuliko yote niliyowahi kushona.

Kwa vipimo hivyo tukalipanga upya. Mlango ufungukie nje, kwenye chumba cha kulala. Hilo nililidai mimi na sikutaka kujadiliana. Kizingiti kisiwepo, mkongojo usije ukajikwaa. Ukiingia tu mkono wa kulia unapokelewa na bomba, unalifuata mpaka chooni, na choo kiko jirani na mlango, sakafu pale kavu. Benchi la kuogea kule mwisho, la zege, na mteremko wa sakafu uelekee huko ili maji yasirudi kumfuata. Sinki dogo pembeni, chini kidogo, anawe akiwa amekaa. Fundi Novatus alikuja kibanjani akakagua kamba zetu, akajikuna, akasema hajawahi kumjengea mgonjwa kwa ramani ya shambani. Akajenga. Siku ya kumwaga sakafu Shemeji alisimama nje dirishani na kutoa amri kupitia hapo, na fundi akawa anamtania, "Bwana mifugo, ingia uone, ng'ombe wako hawapo humu."

Siku choo kilipokamilika walinituma nikijaribu. Nikajaza ndoo, nikamwaga, maji yakashuka na mlio wake wa kishujaa, nikapiga makofi. Nilipotoka nikakuta sebule tupu. Kikombe cha kahawa cha Shemeji kinafuka mezani, kiti kimesukumwa nyuma, mwenyewe hayupo. Leonida amesimama pale kashika mdomo. "Umesikika," akaninong'oneza. "Umesikika wote. Hata makofi yako." Yoo! Ukuta ule, choo upande mmoja, kiti cha Shemeji upande wa pili. Muda wote tulikuwa tumepanga kwa macho, asimuone, asimkute, mlango huku, dirisha juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka masikio. Na ukiwa Mama, mkwe akikusikia ni sawasawa na kukuona. Angeingia mara moja tu, akasikia mtu anakohoa sebuleni, basi. Angeshika mkongojo wake na kutafuta kibanja, iwe mvua iwe jua. Miezi yote ile, kamba zote zile, na masta wa Leonida, vyote vingekuwa bure. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma nikalia kwa hasira. Fundi Novatus akasema ukuta ni ukuta, labda abomoe choo akihamishie upande wa dirishani. Lakini kule ndiko kwenye maji ya kuoga, na mkono wa Mama ungekosa bomba.

Shemeji nilimkuta zizini, amemwegemea ng'ombe wake mweusi. Nikamwambia mpango wa fundi. Akamkuna ng'ombe nyuma ya sikio, akahamia la pili, mpaka nikataka kumpigia kelele. Halafu akasema, "Bafu limekaa sawa. Niliyekaa vibaya ni mimi." Kesho yake alibeba kiti chake mwenyewe, meza, redio, na kalenda ya ukutani, akavihamishia kile chumba kidogo cha pembeni kinachotazama zizi, kilichokuwa kiwe cha wageni. Sebule ile kubwa, yenye madirisha mawili na sakafu nyekundu ya kung'aa, akaijaza magunia ya maharage na kahawa mpaka karibu na dari. Watu wa Kaisho walicheka sana. Nyumba ya bwana mifugo, afisa wa serikali mzima, mgeni unapokelewa kwenye kichumba mnagusana magoti, na maharage yamekaa sebuleni kama maaskofu. Walimuuliza sababu, akawaambia maharage yanapenda hewa. Mpaka leo nyumba iko hivyo hivyo.

Mama alikuja kiangazi kilipoanza, amevaa gauni la njano, amekalia siti ya mbele na mkongojo katikati ya magoti. Shemeji alikuwa amekwenda na ng'ombe mbali kwa makusudi. Leonida alimfungulia mlango wa chumba, pazia la zambarau liko dirishani, na Mama akasimama anatazama kitanda, akatazama mlango wa bafu, akauliza, "Hajakanyaga?" Nikasema, "Hajakanyaga, Mama." Akaingia, akaufunga. Tulisimama nje mimi na dada, tumeshikana mikono kama watoto wanaosubiri sindano. Tulisikia mkongojo, kimya, maji, kimya tena kirefu. Leonida akaanza kusali. Kisha maji tena, mengi, na sauti ya Mama anavuta wimbo wa kanisani kwa chini chini, mtu ambaye tangu avunjike nyonga sikuwahi kumsikia akiimba. Alipotoka uso unang'aa, kajifunga khanga kifuani, akaliweka gauni kitandani. "Nani alijua mkono wangu unaishia pale?" Nikasema fundi. "Fundi gani anayejua goti langu?" Akanitazama, akalitazama gauni la njano pale kitandani, akanitazama tena. Nikainamisha kichwa. Sikupata kofi nililolitegemea. Alikaa kitandani, akalinyoosha lile gauni kwa kiganja, akasema, "Nenda kamwambie mkwe wangu nimeoga."

Neno kama hilo, kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkwe! Nilikimbia mpaka malishoni. Nikamwambia Shemeji kama nilivyotumwa, "Mama anasema ameoga." Akavua kofia, akajifuta uso mzima nayo, akaivaa tena ikiwa imepinda. "Haya," akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. Aliishi nao Mama mpaka alipozeeka kabisa, wakisalimiana kupitia mlango, na hakuna siku aliyoshuka tena kibanjani kwenye tope.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoteremka Kaisho juzi. Leonida alinipokea na mikono kiunoni. "Huyo hapo, mbembeleze. Miye nimechoka." Shemeji alikuwa kwenye kiti chake kile kile kinachotazama zizi, amekonda, mkongojo mapajani. Tulisalimiana, tukala ndizi, nikangoja Anitha aondoe sahani. Nikasema, "Shemeji, nasikia umeanguka." Akasema, "Kidogo." Nikasema, "Bafu lipo." Akasema, "Nilimwahidi Mama." Anitha akavuta pumzi ya kukata tamaa mlangoni. Basi nikamuuliza, "Ulimwahidi kupitia kwa nani?" Akanitazama. "Kupitia kwako." "Na kule kibanjani, kwenye kamba zako, Mama alikuwa nani?" Akaanza kutabasamu kwa ule upande wa mdomo unaomtii. "Ulikuwa wewe. Ulikuwa unaguna vibaya sana." Nikamwambia, "Basi mimi ndiye Mama, na mimi ndiye ninayekuruhusu. Simama."

Alisimama. Tulikwenda polepole, tukapita chumba cha Mama, pazia la zambarau limepauka sasa. Mlangoni pa bafu alisimama, akavua kofia yake akampa Anitha, akatazama chini kama alivyokuwa anafanya uani Rugera. "Hodi, Mama," akasema. Nilijua hakuna mwingine wa kumjibu. "Karibu, mwanangu," nikasema. Akavuta mlango, ukafunguka kuja kwetu. Aliinua mkono wa kulia bila kutazama ukutani, ukatua juu ya bomba. Lilikuwa chini kidogo kwake, ikabidi ainame. Akaingia, akaufunga. Leonida alikuja kutoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama pembeni yangu, akanishika mkono, na tukasikia mkongojo, kisha kimya, kisha maji. Maji yalimwagika kwa muda mrefu, mpaka sauti yake ikatoka ndani, imechoka na imefurahi.

"Shemeji," akasema, "waambie nimeoga."